Mikoko ya Gazi
Watu wa Gazi na Makongeni, huko Kwale, wanastahili shukrani. Tangu mwaka 2013, kwa mradi wao wa Mikoko Pamoja, wanalinda hekta 117 za mikoko, na fedha wanazolipwa kwa kaboni inayohifadhiwa na miti hiyo wamezitia katika maji na shule. Hiyo ni sadaka yenye kuendelea.

Lakini kwingine pwani shoka halijatulia. Mkoko ukianguka, kamba na samaki wachanga hukosa maficho, na bahari humega ufuo. Mkataji twamlaumu sana. Anayemlipa ni sisi tunaojenga. Nyama twauliza kama ni halali, boriti hatuulizi! Maimamu na kamati za misikiti waanze wao: boriti isiyo na kibali cha idara ya misitu isipandishwe kwenye dari ya nyumba ya Mwenyezi Mungu.