Staa Kapata Dili, Fundi wa Mkula Kaambulia Elfu 15

Kuna staa mmoja, jina kapuni, kaposti Benzi la marehemu baba yake, W124 ya miaka ya 80, linang'aa balaa. Anawasha redio, antena inapanda yenyewe taratibu. Komenti zikafurika moto tupu. Ambacho hakikuandikwa ni kwamba antena hiyo ilifufuliwa Mkula, Simiyu, chini ya mwembe, na kijana ambaye hata tagi hakupewa.

Mjini gari lilipita kwa mafundi watatu. Jibu moja: "Kata waya, ziba tundu, bandika pezi la papa." Wakati mapezi mengi ya kubandika ni pambo tu, hayana hata waya ndani!

Kijana wa Mkula aliinamia buti, akasikiliza mlio wa krrr krrr, akasema: "Kaka, mota nzima hii. Kamba ndo imekufa."

Na ndivyo ilivyo. Mota inazungusha gia, gia inasukuma kamba ya nailoni yenye meno, kamba inapandisha fimbo. Vumbi likijaa, fimbo inakwama, mota inalazimisha, meno yanakatika. Akafungua nati ya juu, akawasha redio, fimbo ikatoka. Kipande cha kamba kilichobaki akakitoa, akasafisha gia, akaingiza fimbo mpya, meno yakielekea kwenye gia. Redio ikazimwa, mota ikaivuta yenyewe. Akaonya: fimbo ifutwe kwa kitambaa, isipakwe grisi, maana grisi inanasa vumbi.

Kwa nini yeye alijua na wa mjini hawakujua? Dar minara iko jirani, hata antena mbovu inashika stesheni. Mkula, ukitaka redio ya Mwanza isikwaruze, antena nzima ina kazi.

Na wenye Crown na Mark II wasikimbilie kumlaumu fundi. Redio nyingi za zamani kutoka Japani zinaishia FM 90, wakati za Bongo zinafika 108. Hapo antena haina kosa.

Sasa wapo watakaosema: alilipwa, yaishe. Ni kweli, alilipwa elfu 15. Lakini video ile ile imempa staa dili la tangazo. Hakuna anayedai mgawo wa dili. Tagi ni bure, na kwa fundi wa kijijini tagi moja ni wateja wa mwaka mzima. Bila wateja, kijana huyo atanunua bodaboda, na siku kamba ikikatika tena, staa atarudi kwa wale wale wa "ziba tundu". Hapo kumbukumbu ya mzee itabaki na pezi la plastiki.

Kutunza gari la baba ni heshima. Kumficha aliyelitengeneza ni uchoyo.

Wewe ungemtagi au ungekausha? Funguka hapo chini.