Homa baada ya kuumia kichwa si ya kutibiwa dukani
Isaka ni njia ya malori yaendayo Rwanda na Burundi, na bodaboda hupita katikati yake. Mtu akiumia kichwa ajalini, kisha akashikwa na homa, ndugu hukimbilia kununua dawa ya malaria. Mzazi, usifanye hivyo.

Ubongo ndio unaoratibu joto la mwili, karibu nyuzi 37. Ukijeruhiwa, joto linaweza kupanda bila vijidudu, na panadol isilishushe. Lakini huenda ikawa malaria, nimonia au homa ya uti wa mgongo. Vipimo ndivyo vitakavyoonyesha. Joto kali huzidi kuudhuru ubongo uliojeruhiwa.

Usimpe asprini wala diklofenaki, zinaweza kuongeza kuvuja damu. Mwahishe hospitali, na umwambie daktari kwanza: aliumia kichwa.