Risala ya Wafanyakazi na Majirani wa Mabwawa ya Majitaka kwa Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,
Mheshimiwa Diwani,
Wataalamu wa maji na nishati,
Mabibi na mabwana,

Harufu mliyokutana nayo getini ndiyo tunayolala nayo, sisi tunaofanya kazi hapa na wenzetu wa nyumba za ng'ambo ya ukuta. Tumevumilia miaka mingi. Leo tunaomba kusikilizwa.

1. Gesi inapotea bure. Jua likiwa kali, bwawa la kwanza hutokota kama uji: mapovu yanapasuka, tope jeusi linapanda na kufanya gamba juu ya maji. Ndani ya mapovu hayo mna methani, gesi ifaayo kabisa kupikia, nayo inaishia angani huku shule ya msingi ya jirani ikipikia watoto kwa kuni. Tunaomba lijengwe tangi lililofunikwa la kuozeshea tope, na bomba la kwanza la gesi liende jikoni kwa shule hiyo.

2. Mabaki ya viwanda vya chakula hayana mwenyewe. Makapi ya maembe, damu ya machinjio na mafuta machafu ya kukaangia hupelekwa dampo, na mengine humwagwa mtaroni usiku (kila mtu anajua, hakuna aliyeona). Tope la vyooni peke yake hutoa gesi kidogo, kwani sehemu kubwa ya nguvu ya chakula imeshatumiwa na mwili. Makapi na mafuta bado yanayo. Yakichanganywa na tope, gesi huongezeka sana. Mtambo wa majitaka wa Oakland, Marekani, ulianza kupokea mabaki ya aina hiyo mwaka 2002, na kufikia 2012 ulikuwa ukizalisha umeme mwingi kuliko unaoutumia. Hapa nchini, Hale mkoani Tanga, mabaki ya mkonge yamewahi kuzalisha umeme. Tunaomba viwanda viagizwe kuleta mabaki yao hapa, kwa ada isiyozidi ya dampo, yakiwa yameshaondolewa plastiki, mifupa na mchanga.

3. Mafundi hawajafunzwa. Bakteria wa tangi hawataki papara: wakimwagiwa mafuta mengi kwa mkupuo, tangi huchacha na gesi hukatika. Tunaomba mafunzo, pamoja na maabara ndogo ya kupima uchachu na joto, ambalo lapaswa kuwa nyuzi 35 hivi. Bila hayo tusijengewe mtambo. Utakuwa wa kukatiwa utepe tu.

4. Tunashuka mashimoni mikono mitupu. Haidrojeni salfaidi, ile inayonuka yai viza, ikizidi huiua pua kwanza, ndipo mtu. Tunaomba vipima gesi, buti, glavu na chanjo ya homa ya ini. Ombi hili, Mheshimiwa, lisingoje tangi.

Tunaomba kuwasilisha.