Vyote Ving'aavyo si Dhahabu

Wenzangu wengi wavutiwao na vioo vipya vya simu husema: "Wazazi wanunue hisa za kampuni zinazovibuni." Mimi sikubali.

Kioo cha OLED hakihitaji taa nyuma yake. Kila nukta hutoa mwanga yenyewe. Mwaka 1987 Ching Tang na Steven Van Slyke, wa kampuni ya Kodak ya Marekani, walitangaza njia ya kufaa ya kukitengeneza. Je, wenye hisa za Kodak walivuna? La. Mwaka 2009 Kodak iliuza kazi hiyo kwa kampuni za LG za Korea ya Kusini. Mwaka 2012 ilifilisika kwa madeni, na mwaka 2013 hisa zake za zamani zikafutwa bila malipo.

Basi kubuni ni jambo moja, kupata faida ni jingine. Fedha ya korosho na samaki wa hapa Kimbiji haikupatikana kwa urahisi. Kabla mzazi hajanunua hisa, ziwe za ng'ambo au za Soko la Hisa la Dar es Salaam, sisi tuliofundishwa hesabu tumsomee taarifa za kampuni: inapata faida gani, na inadaiwa kiasi gani? Uzuri wa kioo si jibu.