HERUFI KATIKA KADI YA HOSPITALI



Mwenzetu akivunjika mguu, hupelekwa kwa mtaalamu wa tiba ya viungo, naye hurudi na kadi yenye herufi tu. NWB maana yake mguu usikanyage chini kabisa. PWB, ukanyage kwa uzito kidogo. FWB, ukanyage kwa uzito wote. Basi herufi moja ikisomwa vibaya, mtu atarudishwa kuinua reli na mfupa haujaunga.

Hatuwakatazi waganga kufupisha maneno yao wenyewe kwa wenyewe. Twataka maneno kamili yaandikwe chini yake, kwa maana fomeni si mganga.

Ndugu, usiondoke na kadi usiyoielewa. Uliza, uandikiwe. Mguu ni wako, na watoto wanautegemea.