Plagi chafu, korosho chali!

Leo niko Mnyambe, Newala, kwa mjomba. Mikorosho inachanua. Nyie wa mjini mnatafuna tu, hamjui ubwiri unga ukivamia maua hakuna mavuno. Dawa ni salfa, inapulizwa alfajiri, umande upo na upepo umelala.

Basi juzi nikajitwisha mashine, nikavuta kamba, wapi! Nikavuta mpaka bega likalia. Jua likatoka, upepo ukaanza.

"Mjomba, mashine imekushinda?"

Tukafungua plagi: nyeusi tii, imelowa. Kosa langu! Injini hizi hunywa petroli iliyochanganywa na oili, nami nilimimina kwa macho. Oili ikizidi, plagi inashika masizi, cheche hairuki.

Injini ilipopoa, mjomba akaisugua kwa brashi ya waya, akaikausha, akarekebisha mwanya wa ncha, kama milimita 0.6 hivi. Kesho yake mvuto mmoja tu, ikanguruma. Ila alfajiri moja ilishapotea, na ada ya binamu yangu iko kwenye maua yale.

Nawe mwenye jenereta saluni, kagua plagi kabla umeme haujakatika. Tuonane wiki ijayo!