Fundi Asiyekuachia Faili Hajamaliza Kazi

Wacha niseme mapema: ukimlipa mtu akufungie mtandao kwa duka, kliniki au ploti yako, kisha aondoke bila kukuachia nakala ya mipangilio ya swichi, umelipia kazi nzima ukapewa nusu.

Najua wengine mshaanza kuuliza, "Mipangilio ya swichi ndiyo nini tena?" Tulia, twende polepole.

Swichi ya mtandao (si ile ya taa) ni kile kisanduku chenye matundu mengi ya kebo. Zile za bei ya chini kabisa hazina cha kupangwa: unachomeka, zinafanya kazi, basi. Hizo leo tuziache. Nazungumzia zile ambazo fundi anaingia ndani na kuzipanga: tundu hili ni la kaunta, hili la kamera, hili la wageni wanaokuja kunywa chai na kuomba paswadi ya waifai. Kugawa mtandao hivyo ndiko kunaitwa VLAN, na ndiko kunafanya mgeni wako asichungulie kompyuta ya hesabu. Mtu alikaa chini akafikiria na kuandika hiyo mipangilio. Hiyo ndiyo ulilipia. Chuma chenyewe unaweza kupata kingine Luthuli kesho asubuhi.

Sasa angalia hiyo mipangilio inakaa wapi. Chukua swichi za Cisco. Zina nakala mbili. Ya kwanza, running-config, iko kwenye RAM na ndiyo inatumika saa hii. Ya pili, startup-config, ndiyo swichi husoma ikiwaka. Fundi akibadilisha kitu na asahau kuandika copy running-config startup-config, kila kitu kitaonekana poa hadi siku stima ipotee. Na hapa kwetu hatuhitaji nabii kutuambia kama stima itapotea. Ikirudi, swichi inaamka na mipangilio ya zamani, na mwenye duka anaapa hakuna mtu ameigusa. Anasema ukweli, hakuna aliyeigusa.

Lakini hata ukihifadhi ndani ya swichi, hiyo bado si bakapu. Stima ikirudi na nguvu za ajabu ichome kifaa, nakala zote mbili zimeenda nacho. Ni kama kuweka ufunguo wa akiba ndani ya nyumba uliyoifunga. Bakapu ni faili iliyo nje: kwa laptopu yako, kwa flashi kabatini, kwa barua pepe yako. Yako wewe mwenye mali, si ya fundi pekee.

Halafu kuna huu ugonjwa wa kuriseti. Mtandao ukisumbua, fundi anachukua pini, anafinya kile kitufe kidogo, anangoja taa zimulike, anakuambia "imeshika." Na kweli imeshika! Watu wanapiga makofi. Shida ni kwamba swichi nyingi ndogo zikirudishwa hali ya kiwandani, matundu yote yanawekwa kwenye mtandao mmoja. Kamera, kaunta, kompyuta ya daktari na simu ya mgeni, wote chumba kimoja bila pazia. Paswadi nayo mara nyingi imerudi ile iliyoandikwa kwa kitabu cha kampuni, ambayo mtu yeyote anaipata mtandaoni. Hakuna taa nyekundu itawaka kukuambia. Utakaa mwaka mzima ukidhani uko salama kwa sababu intaneti inafunguka.

Sisemi kuriseti ni dhambi. Unauza swichi? Riseti kwanza, tena uhakikishe imefutika. Mwaka 2023 watafiti wa ESET walinunua ruta za mitumba na kukuta zaidi ya nusu ya walizochunguza bado zimebeba mipangilio ya kampuni zilizozitumia. Ninachopinga ni kuriseti kama dawa ya kwanza wakati hakuna faili ya kurudisha. Hiyo ni kubomoa nyumba ndiyo upate mlango.

Sasa tuje kwa mambo ya pesa, maana hapo ndipo mzozo uko. Mafundi wengine huniambia, "Nikimpa mteja faili, kesho ataita mwingine wa bei rahisi." Naelewa hiyo hofu, maisha ni magumu. Lakini hebu tuiite jina lake: huko ni kushika mali ya mtu mateka. Kuna mwenye saiba ninayemjua alikaa siku tatu bila mtandao kwa sababu fundi wake alikuwa ameenda mashambani, na paswadi ya swichi ilikuwa kichwani mwake. Siku tatu za kodi, za mishahara, za wateja kuzoea saiba ya jirani. Alipopata mtandao, unadhani alimpigia nani tena? Si yule.

Na wengi wetu tulioacha chuo, nikiwemo, hatuna digrii ya kuonyesha mteja. Kinachotutetea ni kazi yenyewe. Ukimkabidhi mtu faili na karatasi inayosema tundu gani ni la nini, umejiandikia cheti chako mwenyewe. Huyo mteja atakupeleka kwa dada yake, dada akupeleke kanisani.

Kwa mafundi, mambo machache. MikroTik: /system backup save inakupa faili ya kurudisha kwenye kifaa kilekile, na /export inakupa maandishi unayoweza kusoma na kupeleka kifaa kingine. Fanya zote mbili, na ujue export haibebi paswadi za watumiaji. Cisco: kwenye swichi nyingi za Catalyst, orodha ya VLAN hukaa kwa faili yake, vlan.dat, kwa hivyo kunakili startup-config peke yake kunaweza kukuacha kwa mataa. Ukifanya mabadiliko ukiwa mbali, andika reload in 10 kwanza, na usihifadhi hadi uone mambo ni sawa. Ukijifungia nje, swichi itajiwasha upya na mipangilio ya jana. Mambo yakiwa sawa, reload cancel, kisha uhifadhi.

Tena faili ambayo hujawahi kujaribu kuirudisha ni matumaini tu. Ijaribu usiku mmoja duka likifungwa. Na usiitupe kwa grupu la WhatsApp: ndani kunaweza kuwa na paswadi, na zile Cisco huziita type 7 hufunguliwa kwa sekunde.

Ukidhani haya ni mambo ya viduka, kumbuka tarehe 4 Oktoba 2021, ile jioni WhatsApp, Facebook na Instagram zilizima karibu saa sita. Kampuni yenyewe ilieleza kwamba amri moja wakati wa matengenezo ya kawaida ilikata mtandao wao mkuu, na ikabidi wahandisi waende wenyewe hadi kwa mitambo. Wale wana pesa na watu wa kutuma. Wewe uko na fundi mmoja, na leo simu yake haishiki.

Kwa hivyo leo jioni mpigie ukimpata. Mwulize vitu vitatu: faili ya mipangilio iko wapi, ni ya tarehe gani, na paswadi ni gani. Akisema iko kwa laptopu yake, aitume kabla hujamaliza kumlipa. Akikasirika, kuja utuambie hapa alisema nini.